Mawingu Yapo, Mvua Hakuna: Kinachoziba Anga Msimu Unapokwama

Mwishoni mwa mwaka 2022, Mto Ruvu ulipokuwa umenywea na Dar es Salaam iko kwenye mgawo wa maji, nilipanda daladala iliyogeuka kijiwe. Abiria mmoja alishikilia kwamba kuna wakubwa huko nje wanaochezea mawingu kwa ndege. Mama aliyekaa dirishani akasema hapana, ni sisi wenyewe, tumefyeka miti mpaka tukamaliza. Mzee mmoja akalaumu dhambi. Konda, aliyekuwa akijifuta jasho shingoni kwa leso, akauliza kitu ambacho hakuna aliyemjibu: "Sasa mbona joto la mvua lipo, mawingu yapo, mvua yenyewe hainyeshi?"

Sijaacha kulifikiria swali la konda, maana katika gari zima lilikuwa ndilo swali sahihi. Wengi tukisikia ukame tunadhani anga imekauka, kwamba huko juu maji yameisha. Mara nyingi sivyo. Hewa ya pwani mwezi Novemba inaweza kuwa imelowa kiasi kwamba nguo zinagoma kukauka kambani, na bado wiki tatu zikapita bila tone. Maji yapo, tena yanatuzunguka. Kinachokosekana ni kitu cha kuyapandisha juu. Makala hii inahusu hicho kitu, na inahusu mfuniko unaokizuia.

Tuelewane maneno kwanza

Ukame si uchache wa mvua peke yake. Dodoma hupata kama milimita 570 kwa mwaka na haihesabiwi kuwa na ukame kila mwaka, ndivyo ilivyo. Bukoba, iliyozoea karibu milimita 2,000, ikipata mvua ya Dodoma kwa mwaka mmoja ni janga. Kwa hiyo wataalamu hulinganisha msimu na wastani wa miaka mingi wa mahali hapohapo. Kwa vipimo vya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, mvua iliyo kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani huitwa ya wastani, na iliyo chini ya 75 ndiyo chini ya wastani. Ukisikia redioni "mvua za chini ya wastani", usielewe kwamba hakutanyesha kabisa.

Msimu nao hukwama kwa namna tofauti. Mvua inaweza kuchelewa kuanza, inaweza kukata mapema, au inaweza kuanza vizuri, watu wakapanda, kisha ikatoweka wiki tatu katikati wakati mahindi yanabeba. Mkulima aliyepatwa na hilo la mwisho anaweza kuonyeshwa takwimu kwamba jumla ya msimu ilikuwa ya kawaida. Atakutazama tu.

Neno jingine ni monsuni, ambalo tumelisoma kwenye jiografia kana kwamba ni kitu cha Wahindi. Asili yake ni Kiarabu, mausim, yaani wakati maalumu wa mwaka. Wareno walilichukua, Ulaya ikalizungusha, likaturudia shuleni likiwa monsuni. Sisi tulikuwa tumeshalichukua zamani kutoka kwa Waarabu wenyewe, tukaliita msimu. Ni neno moja lililopita njia mbili. Na pepo zake tunazijua kwa majina: kaskazi, inayovuma kutoka kaskazini-mashariki kuanzia Desemba hivi hadi Machi, ndiyo iliyoleta majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi, kusi, inayovuma kutoka kusini-mashariki katikati ya mwaka, ndiyo iliyoyarudisha kwao. Masika na vuli huangukia kwenye kupokezana kwa pepo hizo. Kupokezana huko kukienda mrama, mvua nayo inakwenda mrama.

Pampu ya baiskeli na siri ya mvua

Ukitaka kuelewa anga, anza na pampu ya baiskeli. Jaza tairi haraka haraka kisha shika sehemu ya chini ya pampu: ina moto. Hujaiweka jikoni, umeibana hewa tu, na hewa ikibanwa hupata joto. Sasa ufungulie upepo wa tairi lililojaa. Unatoka wa baridi, kwa sababu hewa ikitanuka hupoa.

Anga hufanya hivyo hivyo bila pampu. Huku chini hewa imebanwa na uzito wa hewa yote iliyo juu yake. Ikipanda, uzito huo unapungua, inatanuka, inapoa, kama digrii 1 kwa kila mita 100. Ikipoa vya kutosha, mvuke uliomo hauwezi tena kubaki mvuke. Unageuka vitone, tunaona wingu. Kupanda kukiendelea kwa nguvu, vitone vinakua na kugongana mpaka vinakuwa vizito, vinaanguka. Mvua kubwa zote unazozijua, ya radi ya alasiri, ya masika inayokesha, hata ya tufani, zinaanza kwa hewa kupanda.

Geuza sasa. Hewa inayoshuka inabanwa, inapata joto kwa kiwango kile kile. Ikishuka kutoka kilomita 5 hadi kilomita 2 imeongezeka digrii 30 hivi. Wingu lolote lililomo linayeyuka. Hewa hiyo yenye joto, kavu, hutandaa juu ya hewa yetu ya chini iliyolowa, na hapo ndipo mfuniko unapopatikana. Hewa ya chini ikijaribu kupanda inakutana na hewa ya juu iliyo ya moto kuliko yenyewe, na kitu cha baridi hakielei juu ya cha moto. Kinagota, kinarudi.

Mfuniko wa namna hii, ingawa mdogo na wa muda mfupi, umeshauona. Asubuhi ya baridi tazama moshi wa tanuri la matofali: unapanda wima, ukifika kimo fulani unasimama, kisha unatambaa pembeni kama uliogonga dari. Dari halipo. Kilichopo ni tabaka la hewa yenye joto. Jua likipanda, dari hilo linavunjika na moshi unaendelea na safari. Mfuniko wa ukame ni wa aina hiyo, ila ni mkubwa kuliko nchi, uko juu zaidi, na hauondoki kwa jua la saa nne.

Anayetaka ushahidi kwamba unyevunyevu peke yake hauleti mvua, afike kwenye miji ya Ghuba ya Uajemi mwezi Agosti. Watu wanaloa jasho, miwani inaingia ukungu ukitoka tu mlangoni, hewa ni kama ya bafuni. Mvua? Karibu hakuna. Juu yao kuna hewa inayoshuka msimu mzima.

Kwa hiyo kila tukio la ukame linaweza kuulizwa swali moja: nani anashusha hewa juu yetu, na kwa nini sasa hivi?

Ukanda unaopita mara mbili

Jua la utosi huhama, kaskazini na kusini, kila mwaka. Mahali linapochoma zaidi hewa hupanda, na pepo za pande zote mbili hukimbilia pale kujaza nafasi. Zinapokutana hazina pa kwenda ila juu. Mstari huo wa makutano, wenye mawingu marefu kuzunguka dunia, watabiri wetu huuita ukanda mvua. Unalifuata jua ukiwa nyuma yake kwa wiki kadhaa. Ukipanda kaskazini kati ya Machi na Mei unatuletea masika. Ukishuka kusini kati ya Oktoba na Desemba unatuletea vuli. Mikoa ya kati na kusini mwa Tanzania, inayofikiwa na ukanda huo ukiwa mwisho wa safari yake, ina msimu mmoja mrefu kuanzia Novemba hivi hadi Aprili.

Ramani za shule huuchora ukanda huu kama kamba iliyonyooka. Katika hali halisi ni vipandevipande, unaruka, unapotea mahali na kuibuka pengine. Ukipita haraka, msimu unakuwa mfupi. Ukibaki baharini, bara linabaki linatazama.

Sasa kuna jambo la ajabu kuhusu kanda yetu ambalo halisemwi vya kutosha. Fungua ramani utazame Kisangani, Kongo, na Garissa, Kenya. Yote miwili iko karibu kabisa na ikweta, mmoja nusu digrii kaskazini na mwingine nusu digrii kusini. Kisangani iko ndani ya msitu wa mvua na hupata zaidi ya milimita 1,600 kwa mwaka. Garissa ni nchi ya ngamia, haifiki hata 500. Jua ni lile lile. Bahari iko karibu zaidi na Garissa! Mtu akikwambia ukaribu wa bahari ndio mvua, mpe Garissa.

Sababu moja kubwa ni mwelekeo wa pepo. Kaskazi na kusi hupita sambamba na ufuko kuliko kuingia bara moja kwa moja. Kusi hasa: inapofika maeneo ya pwani ya Kenya na Somalia inakuwa mto wa upepo wenye kasi kubwa, kilomita moja hadi moja na nusu hivi juu ya ardhi. Mtaalamu wa hali ya hewa aliyeitwa Findlater aliueleza mto huo katika utafiti wa mwaka 1969, na hadi leo wenzake huuita kwa jina lake. Unavuka ikweta hapahapa kwetu, unakata kona kuelekea kulia, unavuka Bahari ya Uarabuni ukizidi kujaa maji, kisha unayamwaga India. Mvua ya Kerala inayosubiriwa karibu na tarehe 1 Juni imepitia mlangoni kwetu bila kubisha hodi.

Na upepo unaoongeza kasi unapoondoka hutawanya hewa nyuma yake. Mahali hewa inapotawanyika huku chini, ya juu hushuka kuziba pengo. Ndiyo maana katikati ya mwaka sehemu kubwa ya Kenya na Tanzania ni kukavu, wakati India inafurika. Kusi ikishika mapema na kwa nguvu, masika hukatwa kabla ya wakati wake. Nyuma ya kusi kuna eneo la mgandamizo mkubwa wa hewa kule karibu na visiwa vya Mascarene, yaani Mauritius na Réunion. Likijijenga sana, kusi inasukumwa zaidi.

Kisima chenye ndoo mbili

Vuli ina mwenye nyumba mwingine, naye anakaa mbali.

Fikiria kisima chenye kapi na kamba moja, kila ncha ina ndoo. Huwezi kuinua ndoo mbili kwa pamoja. Ya huku ikipanda, ya kule inashuka. Bahari ya Hindi iko hivyo. Upande mmoja ni sisi, pwani ya Afrika Mashariki. Upande wa pili ni Indonesia. Maji ya bahari yakiwa ya joto zaidi kule Indonesia, hewa ya kule inapanda kwa wingi, inanyesha. Lakini hewa iliyopanda lazima ishuke mahali. Sehemu yake husafiri huko juu kuelekea magharibi, kilomita maelfu, na kushukia kwetu. Huo ndio mfuniko. Na huku chini pepo zinavuma kuelekea mashariki, kutoka kwetu kwenda kule, zikibeba unyevunyevu tuliokuwa tunautegemea.

Hali ya maji ya joto kule na ya baridi kwetu wataalamu huiita dipoli hasi ya Bahari ya Hindi. Ikigeuka, maji yetu yakiwa ya joto kuliko ya Indonesia, ni dipoli chanya, na ndoo yetu ndiyo inayopanda. Jina hilo la dipoli lina umri mdogo, lilishika baada ya utafiti uliochapishwa mwaka 1999, lakini mambo yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1961 ndoo ilipanda kwetu kwa nguvu, na mvua zilizofuata zikainua Ziwa Victoria kwa zaidi ya mita 2 ndani ya miaka michache. Mwaka 2019 ilipanda tena: mafuriko na nzige kwetu, ukame na moto mkubwa wa misitu Australia. Mwaka 2016 ilishuka, na vuli ikaharibika.

Ng'ambo ya Indonesia kuna kisima cha pili, Bahari ya Pasifiki, na hapo ndipo El Niño na La Niña zinapoingia. El Niño ni jina walilotoa wavuvi wa Peru, maana yake Mtoto, kwa kuwa maji ya joto yalikuwa yakionekana pwani yao karibu na Krismasi. Ni kipindi ambacho maji ya katikati na mashariki mwa Pasifiki yanapata joto kuliko kawaida. La Niña ni kinyume chake: joto linasukumwa na kurundikana magharibi, upande wa Indonesia. Unaona tatizo letu hapo. La Niña inaongeza uzito kwenye ndoo ileile inayotushushia hewa.

Kati ya mwaka 2020 na mwanzoni mwa 2023 La Niña ilirudi miaka mitatu mfululizo. Katika Pembe ya Afrika, yaani Somalia, kusini mwa Ethiopia na kaskazini na mashariki mwa Kenya, misimu mitano ilikwama kwa kufuatana, kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022. Masika ya 2022 ilikuwa miongoni mwa kavu kabisa kwa miaka 70. Mwaka huohuo wa 2022 dipoli nayo ikawa hasi. Ndoo mbili za visima viwili zilikuwa zikishukia mahali pamoja. Yule konda wangu alikuwa chini ya mfuniko ambao kamba zake zilishikwa Indonesia na Pasifiki, na jasho lake halikuwa kosa: unyevunyevu ulikuwepo, anga tu ilikataa kuupandisha. Zaidi ya hayo, kati ya kusi kukata na kaskazi kushika upepo huwa mwepesi, na mawingu ya mvua yasipojengeka jua linachoma bila kipingamizi. Joto la mvua likaja peke yake, kama mgeni aliyetangulia na mwenzake akaishia njiani.

Vizuizi vya wiki chache

Bahari hupanga msimu mzima, ila haipangi kila wiki. Ndani ya msimu kuna wimbi kubwa la mawingu linalozunguka dunia katika ukanda wa tropiki kutoka magharibi kwenda mashariki, likichukua siku 30 hadi 60 kumaliza mzunguko. Wamarekani wawili, Madden na Julian, walilieleza mwaka 1971. Likiwa juu ya Bahari ya Hindi hutusaidia; likishafika Pasifiki, mara nyingi hewa ya kwetu inashuka na mvua inapumzika. Zile wiki mbili tatu kavu katikati ya msimu, zinazounguza mahindi, mara nyingi zina mkono wa wimbi hili.

Halafu kuna tufani. Tufani ni mnyonyaji: huvuta hewa yenye unyevunyevu kutoka mbali na kuipandisha kwake. Katikati ya Machi 2019 tufani Idai ilipoipiga Beira, Msumbiji, masika ya Afrika Mashariki ilikuwa inasubiriwa kuanza. Ilichelewa sana, na Idai ilichangia. Lakini usikariri kwamba tufani siku zote hutuibia. Inategemea imekaa wapi. Ikiwa mashariki ya Madagaska inaweza kuvuta pepo za magharibi kutoka Kongo zikatupitia zikiwa zimejaa maji, kama ilivyokuwa Machi 2018. Watabiri wakisema "tunaendelea kufuatilia" wakati kuna tufani baharini, hawakwepi swali. Kilomita mia chache zinageuza jibu.

Joto linafanya mambo mawili kinyume

Hewa ikiongezeka joto kwa digrii 1 inaweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Hii inasikika kama habari njema, na kwa upande mmoja ndiyo sababu mvua zikishuka sasa zinashuka kwa vishindo. Upande wa pili ni kwamba hewa yenye uwezo wa kubeba zaidi ina kiu zaidi. Inanyonya udongo, majani, mabwawa. Msimu wenye upungufu uleule wa mvua uliotokea enzi za babu zetu unaumiza zaidi leo, kwa sababu kile kidogo kilichoanguka kinavukizwa upesi. Mwaka 2023 kundi la watafiti la World Weather Attribution liliuchambua ukame wa Pembe ya Afrika likahitimisha kwamba ongezeko la joto duniani liliufanya ukame wa aina ile uwe na uwezekano mara 100 zaidi, na sababu kubwa ilikuwa uvukizi huo.

Udongo ukishakauka nao unachangia. Nguvu ya jua ambayo ingetumika kuvukiza maji inaishia kuchoma ardhi, na hewa ya mahali hapo inakosa unyevunyevu wa kurudisha juu. Ukame unajilisha wenyewe kidogo.

Kuna fumbo hapa ambalo wataalamu wenyewe wanaliita hivyo. Kompyuta zinazokokotoa hali ya hewa ya baadaye kwa kiasi kikubwa zinasema Afrika Mashariki itapata mvua zaidi dunia ikiongezeka joto. Vipimo vya ardhini, hasa vya masika tangu miaka ya 1980, vilionyesha mvua ikipungua. Maelezo yapo kadhaa, mojawapo ikiwa ni joto la magharibi mwa Pasifiki kuongezeka haraka na kutushushia hewa, lakini ugomvi haujaisha. Mtu anayekwambia kwa uhakika kwamba mabadiliko ya tabianchi yatatukausha, au yatatulowesha, amekimbia mbele ya ushahidi.

Turudi kwenye daladala

Mama wa dirishani alikuwa na nusu ya ukweli, nusu iliyo muhimu kweli. Misitu hurudisha mvuke angani, na msitu mkubwa kama wa Kongo hujinyeshea sehemu ya mvua yake. Lakini kama miti ndiyo swichi ya msimu, ilikuwaje tukapata mafuriko 2019, ukame 2022, halafu mafuriko tena mwishoni mwa 2023? Miti haikuota na kukatwa na kuota tena ndani ya miaka minne. Kilichogeuka ni bahari: mwishoni mwa 2023 kulikuwa na El Niño na dipoli chanya kwa pamoja. Pale miti inapoamua mambo ni baada ya mvua kushuka. Mto Ruvu unaanzia kwenye milima ya Uluguru, na mteremko wenye msitu huyashika maji na kuyaachia taratibu hadi miezi ya kiangazi. Mteremko uliofyekwa huyaachia yote wiki ileile, yakiwa na tope. Kwa hiyo mgawo wa maji mjini unaweza kuwa na sababu mbili zinazokutana bombani, anga iliyofungwa na mlima uliovuliwa nguo. Ya kwanza hatuwezi kuifanya chochote.

Bwana wa ndege simkubalii. Teknolojia ya kuchochea mvua ipo, hunyunyizia chembe ndani ya wingu ili vitone vikue haraka. Inahitaji wingu ambalo tayari linapanda. Haiwezi kuunda wingu pasipo na wingu, wala kushusha hewa juu ya nusu ya bahari kwa miezi mitatu. Ile michirizi myeupe nyuma ya ndege ni mvuke wa injini ulioganda kwenye baridi ya juu. Mzee wa dhambi simgusi, hilo si la makala hii.

Kuna dhana moja zaidi ambayo haikusemwa siku ile lakini huisikia kila mwaka: El Niño maana yake mafuriko. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa kubwa sana, watu wakajiandaa kwa gharika ya mfano wa 1997, na mvua ikaja lakini si ile iliyoogopwa, kwa sababu dipoli haikusukuma kwa nguvu ileile. India nao yaliwakuta, kwa kinyume, maana kwao El Niño hutazamiwa kukausha. Mwaka 1997 ilikuwa kali na mvua zao zikawa za kawaida tu. Mwaka 2002 ilikuwa ya wastani, na Julai, mwezi wanaoutegemea kuliko yote, ikaleta karibu nusu tu ya mvua yake. Kamba zinazovuta ndoo ni nyingi.

Ndiyo maana utabiri wa msimu husemwa kwa lugha ya uwezekano. Wa vuli huwa na uhakika zaidi, kwa kuwa bahari zinazoitawala hubadilika polepole na kutoa dalili mapema. Masika ni mkaidi. Kamba zake ni nyingi na hakuna hata moja iliyo nene, na watabiri hukosea zaidi hapo. Wanalijua hilo kabla yako.

Ukitaka kuuona mfuniko kwa macho yako, toka nje saa saba mchana katika vuli inayosuasua. Utaona mawingu mengi madogo ya pamba, chini bapa, na juu yamekatwa yote kwa kimo kimoja, kama nywele zilizopitishwa mashine. Yanatokea, yanagota, yanasambaa, jioni yameyeyuka. Siku utakayoona moja limetoboa, kichwa chake kinafura juu ya wenzake kama koliflawa na kingo zake zimekaza, basi mahali pale hewa imepata pa kupitia. Anua nguo.